UZI: Pesa ya tabianchi inafika mto ukishapita. Tuongee kalenda ya bajeti na kalenda ya mvua

MamaWaMtoni (Kasese)

Wapendwa habari zenu. Naomba mnivumilie, uzi huu ni mrefu, nimeuandika siku tatu kwenye simu nikiwa sokoni, mteja akija naweka simu chini, akienda naendelea.

Mimi naishi Kasese, magharibi mwa Uganda, upande wa chini wa mto Nyamwamba. Anayeijua Kasese anaujua mto huo. Unatoka juu Rwenzori, unapita Kilembe kwenye bonde lile jembamba, halafu unafunguka ghafla mjini kwetu. Ulitupiga tarehe 1 Mei 2013, ukarudi Mei 2014, halafu Mei 2020 ndo ukabeba mpaka hospitali ya Kilembe, na nyumba, na madaraja, na mashamba ya watu. Hizo tarehe zisomeni vizuri. Mei, Mei, Mei. Mto huu haujifichi jamani. Sisi tuliokaa nao tunaujua kwa sikio, usiku kabla maji hayajafika unasikia mawe yanagongana chini huko kama mtu anaviringisha mapipa matupu, na ukisikia hivyo unabeba mtoto na godoro, vingine unaacha.

Sasa kilichonileta. Redioni kila wiki tunasikia pesa za tabianchi, mara wafadhili wameahidi, mara kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi wa Baku mwaka 2024 wamekubaliana dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, mara mpango wa tabianchi wa Uganda uliorekebishwa mwaka 2022 unahitaji dola bilioni 28.1 mpaka 2030. Sawa. Mimi nataka niwaambie hiyo pesa ikishakuwa ndogo kabisa, ikishashuka mpaka kijijini, inakuwaje, kwa sababu nilikuwa kwenye kamati ya mradi na niliona kwa macho yangu.

Tulikuwa na kamto kanaingia Nyamwamba, kwenye ramani hata jina hakana, lakini kila mvua kanakula ukingo, kameshakula choo cha jirani yangu na robo ya shamba la maharage la mama mmoja mjane. Mwezi wa 8 tulikaa mkutano wa kijiji na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), watu wakasema kwa kauli moja, tunataka ukingo huu ujengwe. Ikaandikwa. Ikapanda parishi (vijiji kadhaa), ikapanda gombolola (parishi kadhaa), ikaingia mkutano wa bajeti wa wilaya, mwaka uliofuata mwezi wa 5 ikapitishwa. Tulifurahi sana, wanawake tukapika.

Tarehe 1 Julai mwaka wa pesa ukaanza. Julai kimya. Agosti kimya. Pesa ya robo ya kwanza ikaja imechelewa tena haikutosha kuanzia kazi. Ikaja habari ya tenda, tangazo, wakandarasi kuleta karatasi, kamati ikae, mkandarasi mmoja karatasi zake hazijakamilika, irudiwe. Krismasi ikapita. Desemba, Januari na Februari, ile miezi ambayo kamto kanakauka mpaka mtoto anakavuka na viatu, hakuna hata jiwe moja lililoletwa. Mkataba ulisainiwa mwisho wa Februari. Lori la kwanza limefika wiki ya mwisho ya Machi, na mvua imeshaanza siku nne.

Hapo sasa mkandarasi (sitamtaja na ofisi iliyomleta sitaitaja, sikuja hapa kushtaki mtu) anasema lazima amalize kabla ya tarehe 30 Juni, maana pesa ambayo haijatumika siku hiyo inarudi hazina. Kwa hiyo wakajenga kwenye tope. Mnajua gabioni, vile vikapu vya waya vinavyojazwa mawe. Tundu la waya wake ni kubwa kama ngumi ya mtoto, jiwe linatakiwa liwe kubwa kuliko tundu, si ndiyo? Mawe makubwa yalikuwa ng'ambo, maji yamejaa lori haliwezi kuvuka, wakachukua yaliyo karibu, madogo ya mviringo. Na chini walitakiwa wachimbe mpaka wapate ardhi ngumu, lakini ukichimba maji yanajaa shimo, wakaweka vikapu juu ya mchanga. Kuna mzee wetu mmoja mwashi, alikuja na fimbo yake akaichoma chini ya kikapu cha kwanza, ikaingia yote mpaka mkono. Akasema hii maji hayatapita juu yake, yatapita chini yake, itainama kama mtu anasujudu. Nilikuwa nimesimama hapo.

Wiki ya pili ya Mei ikainama. Hata hayakuwa mafuriko, mvua ya kawaida tu ya usiku mmoja. Asubuhi tumekuta waya umejikunja, mawe yametoka kwenye matundu yameenda, na shamba la yule mama mjane limepungua tena hatua sita. Nilizipima mwenyewe.

Mimi siamini kwamba pesa ile iliibwa. Hesabu niliziona, mawe yalinunuliwa, waya ulinunuliwa, vijana walilipwa. Pesa ilitumika yote, kwenye mwezi mbaya. Kazi hiyohiyo, kwa pesa hiyohiyo, ingefanywa Januari ingekuwa imesimama mpaka leo. Kwetu mvua ni Machi mpaka Mei, halafu tena Agosti mpaka Novemba. Kiangazi ni Desemba mpaka Februari na kale kafupi ka Juni na Julai. Sasa angalieni Juni na Julai ndo wakati vitabu vya serikali vinafungwa na kufunguliwa, hakuna anayeweza kukulipa. Na Desemba mpaka Februari tunangoja tenda. Yaani mwaka wa pesa na mwaka wa mvua umepangwa kama watu wawili wanaokwepana njiani.

Naomba kujua, wenzangu Mbale, Bududa, Karamoja, West Nile, kwenu iko hivyohivyo? Na kuna mahali wameweza?

---

MlimaniElgon

Mama pole sana. Umenigusa kabisa kwa sababu sisi Bududa tuna habari ileile ila kwetu hatuhesabu mashamba.

Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi kilifunikwa na maporomoko ya udongo, zaidi ya watu 300, sokoni, kwenye kituo cha afya, wote. Baada ya hapo serikali ikapeleka baadhi ya watu Kiryandongo, ni mbali sana, lugha nyingine, ardhi nyingine, wengine walikaa na wengine wakarudi taratibu maana migomba na kahawa na makaburi ya wazazi yako hapa. Oktoba 2018 Bukalasi tena, mto Suume ukashuka na mawe sokoni. Novemba 2024 Bulambuli. Katikati hapo Mbale mjini usiku wa 30 Julai 2022 mito ikafurika watu wakafa kwenye magari.

Kila mara pesa inakuja baada. Na inakuja kweli, siwezi kusema haiji, mahema, blanketi, posho, maharage, helikopta na wakubwa. Hata kwenye Sheria ya Fedha za Umma ya 2015 kuna Mfuko wa Dharura na asilimia 15 yake imewekwa kwa ajili ya majanga ya asili. Ila mfuko huo unafunguka mtu akishakufa. Mwaka mzima kabla ya hapo ukiomba pesa ya miche na ya kuchimba makinga maji kwenye mteremko unaambiwa robo hii haipo.

Mimi nauliza tu, kuchimba mifereji kwenye kilima kimoja ni shilingi ngapi ukilinganisha na kulisha kambi miezi 8?

---

Kijana_Nakawa

Heshima kwenu wazazi lakini mnazunguka sana. Tatizo la nchi hii ni moja, pesa inaliwa. Mama anasema haikuibwa, anajuaje? Mkandarasi anayeweka mawe madogo kwenye gabioni huyo amekula tofauti ya bei. Na mbona hamtaji PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi? Kila parishi inapata milioni 100 kwa mwaka, kaya inachukua milioni 1, watu wajisaidie, wanunue miche yao, wajenge kuta zao, tusingoje wilaya.

---

MamaWaMtoni (Kasese)

@Kijana_Nakawa mwanangu swali lako ni zuri na nitakujibu kwa utulivu.

Najua kwa sababu kamati yetu iliomba karatasi ya makadirio, ile yenye kila kitu na bei yake, na tukaibandika kwenye ukuta wa duka hapa kijijini. Ilikuwa na vikapu vya urefu wa mita 2, upana mita 1, kimo mita 1, tuliweza kuvihesabu kimoja kimoja na vilikuwa vyote. Kasoro ya mawe tuliiona, tukaisema, na kijana aliyekuwa anasimamia akatuonyesha mto, akatuambia mama nikivusha lori hapo nalipoteza na dereva. Alikuwa anasema ukweli. Sitasema hakuna wizi Uganda hii. Nasema hata ungeweka malaika kwenye tenda, ukimpa mkataba mwisho wa Februari atajenga kwenye maji.

PDM ninaiheshimu, dada yangu amechukua milioni yake akanunua mbuzi. Lakini ule ni mkopo, unarudishwa na riba, kwa kaya moja, kwa biashara ya kaya hiyo. Ukingo wa mto ni wa kaya 60. Nani kati ya hizo 60 atachukua mkopo wa mbuzi ajenge ukuta unaomkinga jirani, halafu alipe na nini? Ukuta hauzai. Kazi kama hii ndo sababu ya kuwa na pesa ya umma.

---

Msimamizi_Wilayani

Nimesoma nikaona niseme kitu. Mimi ni mfanyakazi wa wilaya moja ya magharibi, kazi yangu ni ya uhandisi, sitasema zaidi.

Mama amesema kweli na mambo mengi watu hawayajui. Kwanza, pesa inakuja kwa robo, Julai-Septemba, Oktoba-Desemba, Januari-Machi, Aprili-Juni. Kazi ndogo ya ukingo haigawanyiki robo robo, huwezi kujenga robo ya ukuta. Kwa hiyo ofisi nyingi zinangoja mpaka robo ya pili au ya tatu ili pesa ijumlike ndipo wasaini, na hapo umeshaangukia Machi. Pili, pesa nyingi inayokuja wilayani imefungwa tayari, hii ya madarasa, hii ya kituo cha afya, hii ya barabara, huwezi kuitoa hata kama mto umehamia kwenye shule yenyewe.

Lakini pia sisi wenyewe tuna makosa. Hakuna kinachokataza kuandaa michoro, makadirio na karatasi za tenda mwezi wa 4 na wa 5, bajeti ikiwa inapitishwa. Ukifanya hivyo, Julai unatangaza, Oktoba umesaini, Novemba mkandarasi anakusanya mawe, Desemba tarehe 1 anaanza kuchimba. Nimefanya hivyo mara moja tu katika miaka yangu yote kazini, na ilifanikiwa kwa sababu ofisa manunuzi wetu alikuwa mtu wa shamba, anaelewa maana ya kupanda kabla ya mvua. Mara nyingine zote hatukufanya, kwa sababu hakuna mafuta ya pikipiki ya kwenda kupima site mwezi wa nne, robo ya mwisho ofisi inakuwa kavu kabisa.

Mfano mzuri ni ule utaratibu wa LoCAL wa pesa za tabianchi kwa serikali za mitaa, ulioanzishwa na UNCDF, mfuko wa mitaji wa Umoja wa Mataifa. Ulianza Bhutan na Cambodia mwaka 2011, hapa Uganda ukaanza na wilaya nne, Kasese, Kitgum, Nwoya na Zombo. Pesa inapita kwenye mfumo wa serikali uleule, akaunti ileile, haileti ofisi mpya na magari mapya. Inaongezwa juu ya bajeti ya kawaida kulipia ile sehemu ya ziada inayoletwa na tabianchi. Kama ulikuwa unajenga kalavati, hii inakulipia liwe kubwa zaidi la kupitisha maji ya leo, siyo ya miaka ya 1980. Halafu kila mwaka unapimwa, mlipanga na wananchi? mlijenga mlichopanga? hesabu ziko wazi? Ukifanya vizuri mwaka unaofuata unapata zaidi, ukiharibu unapungukiwa. Mimi nimependa hiyo kupimwa. Ofisi yetu inapojua inapimwa, watu wanafika saa mbili kamili.

---

MlimaniElgon

@Msimamizi_Wilayani asante kwa kusema ukweli. Sasa hiyo kupimwa, wanapima pia kama kazi ilifanywa kiangazi? Maana kama wanapima "imejengwa au haijajengwa" ukingo wa mama ungepata alama zote mwezi wa 4 na mwezi wa 5 umeanguka.

---

Msimamizi_Wilayani

Umenishika hapo. Mimi ningeongeza swali moja tu kwenye ile fomu, mkaguzi arudi baada ya mvua mbili aone kama kitu bado kimesimama. Nitalipeleka mbele, sitanii.

---

JiraniWaBusia

Niko Busia ila upande wa Kenya, naomba niingie kidogo. Sisi kaunti ndo zimetusaidia kwenye hili. Makueni mwaka 2015 waliweka kanuni kwamba asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo ya kaunti iende kwenye mfuko wa tabianchi, Wajir mwaka 2016 wakapitisha sheria yao wakaweka asilimia 2. Na katika kila wadi kuna kamati ya wananchi wenyewe inayochagua mradi. Baadaye ikaja programu ya FLLoCA (ya kulipia kazi za tabianchi zinazoongozwa na wananchi) ya kaunti zote kwa msaada wa Benki ya Dunia, na kaunti lazima iweke mkono wake mfukoni kwanza.

Siyo peponi, kuna wadi kamati inatekwa na mwanasiasa mmoja, kuna miradi imekaa. Lakini kwa sababu pesa ni sehemu ya bajeti kwa sheria, haingoji mtu aamue mwaka huu tuwape au tusiwape. Wajir kwenye maji na malisho wazee wanakaa chini wanasema hapa pasichimbwe kisima, mkichimba hapa mifugo itakaa mwaka mzima na majani yataisha. Injinia wa Nairobi hawezi kuyajua hayo.

---

Mfugaji_Moroto

Huyo jirani amesema jambo la kwetu kabisa. Karamoja tumejengewa malambo mengi, mengine mazuri, Kobebe pale mpaka Waturkana kutoka Kenya wanaleta ng'ombe wao kiangazi na makubaliano yapo. Lakini kuna malambo mengine madogo yamechimbwa karibu na barabara ili wageni wayaone wakipita na gari. Maji ya mvua hayapiti hapo. Wazee wetu wanajua kila bonde maji yanapopita na yanapokimbia, hakuna aliyewauliza. Nimepita karibu na moja mwezi jana, ndani limeota miiba, ua wa waya umeanguka, kibao cha mradi bado kinang'aa.

Na lingine, baada ya kuchimba nani anatoa udongo? Mvua ya kwetu ni ya nguvu na fupi, inashuka na mchanga, lambo lisipozolewa udongo miaka mitatu limekuwa sahani. Bajeti ya kuchimba ipo, bajeti ya kuzoa hakuna. 2022 njaa ilipotupiga na watu wakafa, malambo yalikuwepo kwenye ripoti.

---

MamaWaMtoni (Kasese)

@Mfugaji_Moroto pole ndugu yangu. Sahani, hilo neno limenikaa.

Hapo kwenye matengenezo nataka niongeze kwa sababu Nyamwamba ni vilevile. Kila mafuriko mto unashusha mawe makubwa kama ng'ombe, yanajaa kwenye mkondo, mto unapanda juu ya mji. Katapila linakuja linachimbua mkondo, tunashukuru, mvua mbili zinapita mawe yamejaa tena. Mpaka mtu aende juu. Kule juu wenzetu wanalima mteremko ambao ukiangusha muhogo unaviringika mpaka kwetu, na siwalaumu, hawana ardhi nyingine na watoto wanakula. Septemba 2022 mlima ulianguka Rukoki ukafunika nyumba zao, mama na watoto. Wao pia wanakufa.

Lakini pesa inagawanywa kwa gombolola na kwa manispaa, na mto hausomi mpaka. Gombolola ya juu wakipewa pesa kidogo watachagua barabara, kwa nini wachague makinga maji yanayonufaisha mji wa chini? Na mji wa chini hauruhusiwi kwenda kutumia pesa yake kwenye kilima cha gombolola nyingine. Kwa hiyo kila mmoja anajenga kaukuta kake. Nimesikia kule Awoja, Maziba na Aswa kulikuwa na mradi wa Mfuko wa Kukabiliana na Tabianchi uliofuata bonde zima la mto, kutoka juu mpaka chini, kupitia Wizara ya Maji na Mazingira. Kuna mtu wa huko humu?

---

Binti_Teso

Niko mimi shikamoo mama. Awoja ni huku kwetu, maji yanatoka Elgon kwa wenzetu wa juu yanaishia kwetu kwenye mabwawa na vinamasi. Mimi niliona upande wa wanawake, vikundi kupewa kazi nyingine ili watu watoke kwenye kinamasi taratibu bila kufukuzwa. Kilichonipendeza ni kukaa mkutano mmoja watu wa juu na wa chini, nilikuwa sijawahi kumwona mtu ambaye mchanga wa shamba lake uko kwenye shamba langu. Tuliongea kwa Kiswahili kwa sababu wao Lugisu sisi Ateso.

Na mama, kuna ile ya umwagiliaji mdogo wa serikali, mkulima anachangia na serikali inamalizia, mpaka ekari 2.5. Baba yangu ameipata. Lakini kuchangia ni lazima uwe nacho, waliopata kijijini kwetu ni wale ambao hata kiangazi walikuwa hawalali njaa.

---

Kijana_Nakawa

Nimesoma yote. Mama nakuomba radhi nilivyoanza kwa ukali, nimekulia Kampala sijawahi kuishi karibu na mto wa namna hiyo, mafuriko yetu ni mtaro umeziba Bwaise. Nina swali la kweli. Mimi nasoma sheria mwaka wa pili. Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 inampa mtu haki ya kwenda Mahakama Kuu kama kitendo au uzembe wa mtu au wa serikali unatishia juhudi za kukabiliana na tabianchi. Pia bajeti yenyewe inatakiwa ithibitishwe kwamba imezingatia tabianchi. Kuna mtu amewahi kuuliza wilaya yake kuhusu mpango wake wa tabianchi? Maana sheria inataka wilaya iwe nao, na ofisi ya maliasili ndo inaushika.

---

MamaWaMtoni (Kasese)

Hakuna radhi mwanangu, tuko pamoja, na usome kwa bidii tutakuhitaji.

Mimi niliuliza. Nilienda na wanawake wengine wawili, tukaambiwa mpango upo, tukaomba kuuona, tukaonyeshwa kwenye kompyuta. Kizuri sana, ramani na rangi, na kamto ketu kamo! Kana mstari mwekundu. Nikauliza hapa mmeandika ukingo utajengwa mwezi gani. Yule kijana akatafuta akasema mama imeandikwa mwaka tu.

Mahakamani mimi sitaki kwenda kwa sasa, nataka mwezi.

Kwa hiyo tumeamua hivi kijijini kwetu na wengine mnaweza kuchukua kama itawafaa. Mkutano wa kijiji wa kupanga tumeomba uwe mwanzo wa Agosti na kwenye karatasi ya maombi, mbele ya kila kazi ya maji, tunaandika mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza. Ukingo: Desemba mpaka Februari. Kupanda mianzi na miti: mwanzo wa Septemba mvua ikiwa imeshakamata, siyo Januari kama mwaka juzi ambapo miche 400 ilikauka ikiwa imefungwa kwenye nailoni zake nje ya ofisi, nilizipita kila siku nikienda sokoni. Kuzoa mchanga: kila mwaka, na tumeiandika kama kazi yenyewe na bei yake, siyo neno "matengenezo" huku mwisho.

Halafu mkutano wa bajeti wa gombolola unapokuja, na ule wa wilaya Oktoba au Novemba, tunaenda na yule mzee mwashi na fimbo yake. Wengi hawajui mikutano ile iko wazi kwa wananchi. Tunaenda pia kwenye baraza la Ofisi ya Waziri Mkuu likija kwetu, pale mkubwa anasimama mbele ya watu anaeleza pesa imeenda wapi, huo utaratibu upo tangu 2009 na ni wa kwetu, hata jina lake ni la Kiswahili. Tuulize swali moja tu, mkataba umesainiwa lini.

---

Msimamizi_Wilayani

Mama, hilo la kuandika mwezi kwenye fomu ya kijiji, naomba ufanye kitu kimoja zaidi. Hakikisha linaingia kwenye mpango wa manunuzi, siyo kwenye mpango wa maendeleo peke yake. Mpango wa manunuzi una safu ya tarehe ya kutangaza na tarehe ya kusaini. Ukiona tarehe ya kusaini imeandikwa Januari au baada, piga kelele hapohapo, mwezi wa 5, kabla madiwani hawajapitisha. Ikishapitishwa kubadilisha ni shida. Mwulize katibu wa gombolola nakala, ni haki yako.

---

MamaWaMtoni (Kasese)

Safu ya tarehe! Miaka yote nimekaa kwenye kamati sikuwahi kuoneshwa hiyo karatasi. Mungu akubariki ndugu yangu, kesho Jumatatu nafungua kibanda saa nne badala ya saa moja, naanzia gombolola.

---

Mfugaji_Moroto

Ukiipata ipige picha uiweke hapa tuone ilivyo, na sisi tuombe ya kwetu. Kutoka hapa mpaka makao ya wilaya ni nusu siku, nataka nikifika nijue ninaomba karatasi gani.

---

MamaWaMtoni (Kasese)

Nimerudi. Katibu alikuwa na mazishi, hayupo mpaka Alhamisi. Lakini dada wa ofisi amenitolea ya mwaka huu kwenye faili, ina kurasa 7. Ya kwetu iko ukurasa wa 4, mstari wa 11. Tarehe ya kusaini: 17 Februari.

Picha nimeweka hapo chini, safu ni ya sita kutoka kushoto. Alhamisi narudi na mwenyekiti.